Somo la Sambaza

Nilinunua kopo moja pale Muhanzi,
mama muuzaji akaongeza kiganja juu, matabishi,
nikapanda ngazi za Kadutu na mfuko unaovuja,
mbwa nyuma yangu, mwaminifu kuliko mkaguzi.

Mkaguzi alikuja Jumanne.
Akaandika: darasa la sita, wastani hamsini na mbili,
akafunga kalamu, akashuka zake na matope.
Nikawatazama watoto wangu arobaini na mmoja,
nikamtafuta huyo Hamsini-na-Mbili.
Kwenye benchi la Nabintu hayupo.
Kwa Cikuru, anayehesabu kwa midomo, hayupo.
Hakuna mama aliyewahi kumzaa.

Basi Alhamisi, kila mtoto na samaki wake,
kila mtoto na rula, na wasio na rula
nikawakatia karatasi nilizozichora usiku.
Pimeni. Pua mpaka mkia. Msimvute!
Bisimwa akasema sita.
Ntakwinja, jirani yake, akampima yuleyule:
sita na nusu.
"Nani mwongo?" darasa likauliza kwa furaha.
Hakuna mwongo. Mmoja alianzia ukingoni mwa rula,
mwingine kwenye sifuri.
Hilo nalo liandikeni.

Nikachora mstari chini ya ubao, tatu mpaka kumi na mbili.
Wakaja mmoja mmoja kuweka doa la chaki,
doa juu ya doa.
Mwanzoni hapa moja, kule moja,
kama viwanja ambavyo bado havijauzwa mara mbili;
halafu pale kwenye tano, kwenye sita,
wakabanana, wakapandana mabegani,
hadi Nabintu akaomba kiti.
"Mwalimu, ni kilima!"
"Ni Kadutu hii," mwingine akasema,
"ona watu walivyorundikana."

Na huyu wa kulia, peke yake, kwenye kumi na moja?
Zihindula akamfunika samaki wake kwa kiganja.
Amtupe! Si wa hapa, ametoka Idjwi! Amepima vibaya!
Tukampima tena, mikono mitatu tofauti.
Kumi na moja. Kumi na moja. Karibu kumi na moja.
Basi yupo. Anabaki.
Tukapiga hesabu naye, tukapiga bila yeye:
wastani ukasogea kidogo,
kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.
Tukawapanga wote mezani, mdogo mpaka mkubwa,
na wa katikati, yule wa ishirini na moja,
hakugeuza hata jicho.

Nilikuwa na neno la kitabuni, mtawanyiko,
nimelipiga pasi tangu asubuhi.
Cikuru akanitangulia.
Aliangalia samaki, akaangalia ubao, akarudi kwa samaki:
"Mwalimu, ndiyo maana wanaitwa sambaza?
Kwa sababu wamesambaa?"

Wakacheka mpaka darasa la tano likagonga ukuta.
Mimi sikucheka.
Miaka kumi na tisa nafundisha,
miaka yote nawala kwa bugali, na vichwa vyao,
sijawahi kusikia kitenzi kikiogelea kinywani mwangu.

Rula zilinuka juma zima.
Mkaguzi akirudi atataka namba moja, nitampa,
maana mshahara nao ni namba moja, ukifika.
Lakini ubao sijaufuta. Nimeuandikia USIFUTE,
na somo la jiografia linafundishwa pembeni, kwa herufi ndogo.

Zihindula alimpeleka wake nyumbani
ndani ya ukurasa wa daftari.
Kesho yake nikamuuliza, mlimgawanaje?
Akafikiri kama mtu aliyeitwa ubaoni.
"Tuko saba. Kila mtu alipata.
Si sawasawa, mwalimu.
Mdogo alipata pande kubwa."